Nimepewa mwongozo wa lugha jumuishi nitafsiri, nimekwama kwenye "wao"

mfasiri_wa_usiku:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa haraka, kazi natakiwa niirudishe Ijumaa na mpaka saa hizi nilichofuta ni kingi kuliko nilichoandika.

Iko hivi, kuna shirika limenipa mwongozo wao wa wafanyakazi, kurasa ishirini na kitu, unahusu namna ya kuongea na kuandika juu ya watu bila kumtenga mtu kwa sababu ya jinsia yake au kwa sababu ya anayempenda. Umeandikwa kwa Kiingereza. Mwanzo nikajiambia hii siku mbili imeisha, ukurasa wa tatu tu nikagonga mwamba. Inasema kama hujui mtu anapenda aitwe he au she basi tumia they, mi nikaandika "tumia wao" nikasonga mbele. Chini yake kuna mfano wa mtu anaitwa Alex kachelewa kikao, nikaandika "Alex amesema wao watachelewa, anzeni bila wao". Nimemsomea mwenzangu hapa akaniuliza, kwani Alex anakuja na nani?

Sasa nauliza. Hiyo sura yote ya he na she na they naifanya nini, naitupa? Halafu gay, lesbian, bisexual, transgender, intersex mnayaandikaje, maana kila nikifungua kamusi nakuta ama tusi ama ugonjwa ama kosa la jinai. Na mteja anataka sex na gender viwe vitu viwili tofauti mpaka mwisho wa dokumenti, mi nina jinsia moja tu (neno namaanisha).

Naomba tusiingie kwenye dini wala siasa, ninachotafuta ni maneno.

NgeliYaKwanza:

Usiitupe kaka, ihamishe.

Unatafsiri dawa ya ugonjwa ambao Kiswahili hakina. Hiyo a- ya "anakuja" haijawahi kuuliza mtu ana ndevu au hana. Daktari kafika, anakusubiri, anasema uingie, maneno yameisha na hujui ni mwanaume au mwanamke na hakuna kilichopungua. Kituruki kiko hivyohivyo, Kifini pia. Waswidi ndo walikuwa na han na hon kama hao Waingereza, wakachomeka hen katikati, na mwaka 2015 hen ikaingia kwenye orodha ya maneno ya Akademia yao. Waingereza wenyewe hiyo they ya mtu mmoja wanayo tangu karne ya 14, ila wanaoweka kanuni za uandishi waliikatalia muda mrefu sana, AP wale wa habari wa Marekani wameiruhusu kwenye mwongozo wao mwaka 2017, tena kwa masharti. Sisi tunayo bure tangu enzi na enzi halafu wewe unatuletea wao. Wao inahesabu vichwa, kazi nyingine haina. Andika "Alex amesema atachelewa, anzeni bila yeye" basi.

Ila nimesema uihamishe kwa sababu shida inazaliwa upya ukitoka kwenye Kiswahili kwenda Kiingereza. Chukua "muuguzi amesema atakuja, daktari amesema hana nafasi", weka kwenye mashine ya kutafsiri uone, mara nyingi muuguzi anatoka mwanamke na daktari anatoka mwanaume na wewe hukusema hivyo popote. Google walikuwa na kesi hiyohiyo kwa Kituruki, mwisho wa 2018 wakaanza kuonyesha tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, mtu achague mwenyewe. Kwa hiyo sura ibaki ila ipe kichwa kipya, kitu kama "Unapoandika kwa Kiingereza". Hao wafanyakazi si wanaandika imeili za Kiingereza? Basi wataihitaji.

mfasiri_wa_usiku:

Asante sana, umeniokolea kurasa nne. Ila na wewe, nani kakwambia mi kaka?

NgeliYaKwanza:

Hahaha nimekamatika. Samahani mkuu.

bi_nukta:

Nimecheka, lakini hapo ndo penyewe, tusipapite haraka. Watu wakishagundua yeye haina jinsia wanaona Kiswahili kimefaulu mtihani, kumbe jinsia tumeificha kwingine. Mtu akiwa mbele yako humwiti yeye, unamwita kaka, dada, mama, baba, bibi, mjomba, shangazi, na kumsalimia mtu vizuri bila kuamua kwanza ni kazi. Mwingereza anaweza kuongea na wewe saa nzima kwa you tupu, jaribu hiyo kwa Kiswahili, wewe, wewe, wewe, utaonekana hukulelewa. Kwa hiyo mfasiri, mwongozo wako unahitaji sura ambayo kwenye Kiingereza haipo, ya namna ya kumwita mtu ambaye hujui anapenda aitweje.

Na maneno yapo. Ndugu ipo, imewahi kuwa neno rasmi la kumwita kila mtu bila kubagua, barua ikianza Ndugu fulani imekamilika. Mwenzangu ipo. Mwalimu, daktari, mwenyekiti, msemaji, yote hayana jinsia, Waingereza wamehangaika na chairman miaka na miaka, sisi mwenyekiti ni mwenye kiti, akikalia yeyote ni chake. Hata humu tunaitana mkuu mwaka mzima hatujui nani ni nani na mambo yanaenda (mpaka mtu ateleze aseme kaka).

Pa pili ni ndoa, na hapa naona Kiswahili kina jinsia kuliko hicho Kiingereza. Mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa, kitenzi chenyewe kimeshagawa nani mtenda na nani mtendwa. Niliwahi kupitia fomu moja ya kuajiri, sitaji ya nani, kipengele cha hali ya ndoa kilikuwa na visanduku vinne, Umeoa, Umeolewa, Hujaoa, Hujaolewa. Swali la jinsia lilikuwa ukurasa wa pili na chini yake wameandika kulijibu ni hiari, sasa hiari gani wakati mtu kashalijibu ukurasa wa kwanza! Tukabadilisha ikawa nina ndoa, sina ndoa, nimeachana na mwenzi, nimefiwa na mwenzi. Mtu mmoja kikaoni akapinga akasema "nina ndoa" haisikiki vizuri, na kweli haisikiki vizuri, lakini hakuna aliyeshindwa kuijaza.

Kwenye maelezo ya kawaida tumia kufunga ndoa, kuoana, mwenzi. Mchumba na mpenzi ni zawadi, hazijawahi kuuliza jinsia. Na pale penye "jina la baba, jina la mama" andika mzazi au mlezi, hii hata mtoto aliyelelewa na bibi yake itamsaidia.

kalamu_butu:

Mi naleta onyo kwenye bisexual na intersex maana yamenikuta.

Nilikuwa natafsiri dodoso la afya. Mahali pa bisexual nikaandika "mtu wa jinsia mbili", fupi, tamu, nikajisifu. Kwenye majaribio, kabla dodoso halijaenda kwa watu wengi, dada mmoja alilisoma akafika hapo akaweka kalamu chini akamuuliza aliyekuwa anamhoji, hapa mnauliza nampenda nani au mnauliza nimezaliwaje? Yule mhoji hakuwa na jibu, akanipigia mimi. Na dada alikuwa sahihi kabisa, kwa wasomaji wengi mtu wa jinsia mbili ni yule aliyezaliwa na maumbile ambayo hayakai moja kwa moja upande wa kike wala wa kiume, magazeti ndivyo yalivyoandika miaka yote. Ingepita vile kipengele chote kingekuwa takataka, huwezi kujua nani kajibu swali lipi.

Toka siku hiyo naandika "anayevutiwa na wanawake na wanaume". Refu, ila halichanganyi. Na kwa gay na lesbian naenda hivyohivyo, mwanaume anayevutiwa na wanaume, mwanamke anayevutiwa na wanawake, au kwa jumla watu wanaovutiwa na jinsia moja. Kama nafasi ni ndogo, meseji ya simu kwa mfano, naacha LGBTQ kama ilivyo, kile kifupi cha Kiingereza cha makundi hayo yote, watu wanaijua.

Intersex naandika intaseksi na maelezo mara ya kwanza. Huntha pia linafaa kama wasomaji wako wamelizoea, ni neno la Kiarabu, liko kwenye vitabu vya fikihi (sheria za Kiislamu) tangu zamani kama neno la sheria tu, wanajadili huntha anarithi fungu gani, halikuwa tusi. Tatizo mzizi wake ni uleule wa hanithi, na hanithi siku hizi ni tusi, kwa hiyo masikio ya wengine yanayachanganya. Kuna wanaoandika "jinsia tata", mi silipendi hata kidogo, tata ni fumbo au kesi, mtoto siyo tata. Kenya kwenye sensa ya 2019 waliwahesabu kwa mara ya kwanza wakapatikana watu 1,524. Sasa fikiria karani yuko mlangoni kwa mtu na hana neno la kuuliza isipokuwa la matusi, angepata watu wangapi?

Halafu kuna ile lugha ya hospitali inayojipenyeza. "Anasumbuliwa na", "mwathirika wa", "ana tatizo la". Ondoa zote. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilitoa kuvutiwa na jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973, WHO wakafuata tarehe 17 Mei 1990, na kwenye ICD-11, orodha yao mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, mambo ya watu trans yametolewa kwenye sura ya magonjwa ya akili. Orodha za magonjwa zimebadilika, sentensi zetu bado zinatembea na bomba la sindano.

NgeliYaKwanza:

kalamu_butu nakubali karibu yote. Ila mfasiri kwenye sexual orientation utaandika nini, mwelekeo wa kingono au wa kimapenzi? Mi nasema kingono, ndo maana yake.

kalamu_butu:

Ndo maana yake kwenye karatasi. Ukimsomea mtu kwa sauti "mwelekeo wako wa kingono ni upi" anasikia neno moja tu katikati hapo na mazungumzo yameishia hapo. Mtu anayempenda mke wake hatusemi ana mwelekeo wa kingono kwake, tunasema anampenda. Mi naandika "mvuto wa kimapenzi", au naachana na nomino kabisa, "anavutiwa na nani".

NgeliYaKwanza:

Mapenzi na ngono ni vitu viwili mkuu, kuna mtu ana kimoja hana kingine. Kwenye utafiti wa afya huwezi kuvichanganya.

kalamu_butu:

Kwenye utafiti wa afya sawa. Huu ni mwongozo wa wafanyakazi, nani anataka kujua habari za chumbani za mhasibu?

bi_nukta:

Hapo nipo na kalamu_butu.

Mzee_wa_Hoja:

Mi nitasema ambacho wengine mnaona aibu kusema. Hivi vitu vyote vimeletwa. Kiswahili kina maneno yake, shoga, msagaji, hanithi, mnayakimbia ya nini mpaka mtunge masentensi marefu "anayevutiwa na na na". Kesho mtatuambia tusiseme mwanaume na mwanamke. Lugha ni ya watu siyo ya mashirika yenye pesa za warsha.

alfajiri_tu:

Mzee wa Hoja shikamoo. Mwanaume na mwanamke hakuna aliyekukataza, yapo kwenye kila jibu hapo juu, rudi usome.

Tuanze na shoga. Shoga ni rafiki, mwanamke anamwita mwanamke mwenzake shoga yangu na mpaka leo wanaitana hivyo, wengine wamekata wanasema shosti. Tumechukua neno la urafiki wa wanawake tukaligeuza fimbo ya kupigia wanaume, kwa hiyo hilo neno la asili unalolitetea limeshabadilishwa, tena na sisi wenyewe bila warsha yoyote. Msagaji linatoka kwenye kusaga, linamtaja mtu kwa kitendo cha chumbani na kumsahau mwenyewe, nani anataka kuitwa kwa anachofanya chumbani? Na ile "kinyume cha maumbile", ambayo watu wanaiandika kama vile waliikuta kwa wahenga, ni tafsiri ya maneno ya sheria ya Kiingereza. Iko kwenye kifungu cha 377 cha sheria ya jinai waliyoitunga Waingereza kwa ajili ya India mwaka 1860, wakaisambaza makoloni mengine, na India wenyewe mahakama yao ya juu mwaka 2018 imekwisha kuamua kwamba watu wazima wanaokubaliana si wahalifu. Ukianza kutafuta kilicholetwa na meli, anzia hapo mzee wangu.

Na kurefusha maneno hatujaanza leo. Zeruzeru lilikuwa neno la kawaida kabisa, tumelisema wote, leo tunasema mtu mwenye ualbino. Kiwete na kilema tukaenda mlemavu, kutoka hapo mtu mwenye ulemavu. Mwathirika wa Ukimwi akawa mtu anayeishi na VVU. Kila mara palikuwa na mtu wa kusema ndefu hiyo, nani ataisema yote, halafu tukaisema.

Mfasiri, kuna kitu cha kuongeza ambacho aliyeandika mwongozo kwa Kiingereza hawezi kukijua. Kwenye Kiswahili mtu anaweza kukudharau bila kutumia neno baya hata moja, anabadilisha ngeli tu. "Hawa mashoga wamesema" na "haya mashoga yamesema" ni watu walewale, neno lilelile, lakini huyu wa pili ameshawatoa kwenye ngeli ya watu akawapanga na mawe na magari. Lile, yale, hayo, yanakuja, limekaa. Mhariri akipewa orodha ya maneno yasiyotakiwa atapita hapo hajaona kitu kwa sababu anatafuta nomino. Mfundishe aangalie viambishi. Na jina la mtu likiongezewa ji- au likapewa ki- cha kudogosha, jike-dume, kidume fulani hivi, ni haohao.

Mzee_wa_Hoja:

Marahaba. La zeruzeru umenishika, hilo neno mwenyewe siku hizi silitamki. Mengine sijakubali na sitakubali leo. Ila hilo la haya na hawa ni kweli tupu, hata watoto wa watu mtu akichukia anasema "yale matoto".

nipo_tu:

Mi ni mmoja wa hao mnaowatafutia maneno, sijui kama mlijua tupo humu na tunasoma. Nilitaka ninyamaze ila kuna moja limenikaa.

Mfasiri ukifika kwenye transgender usiandike "aliyebadili jinsia" ukaishia hapo, najua ndo lililozoeleka kwenye habari. Mimi sijui nilibadili lini. Nilichobadilisha ni jina, nguo na namna watu wanavyoniita, mengine ndivyo nilivyokuwa siku zote. Kuna wanaopata matibabu kuna wasiopata na hilo siyo la kuulizana kwenye korido ya ofisi. Sisi wenyewe tunasema trans, imeisha. Mwanamke trans, mwanaume trans, na usigeuze, mwanamke trans ni mwanamke, ambaye alipozaliwa aliandikishwa kama mwanaume, waandishi kila siku wanageuza. Kuna wengine hawajioni upande wowote, andika "asiyejitambulisha kama mwanamke wala mwanaume" na hapo ndo utashukuru Kiswahili kina yeye. Badala ya "alizaliwa mwanaume" andika "aliandikishwa kama mwanaume alipozaliwa", maana hiyo ndo ilitokea, mtu aliangalia akaandika. Na jina la zamani la mtu kama halihitajiki usilitaje, hata kwa nia ya kufafanua, hasa kwa nia ya kufafanua.

Sasa hili la kumwita mtu. Kuna siku nilikuwa nasubiri dirishani, ofisi moja hivi, viti vimejaa. Aliyekuwa zamu akachukua karatasi yangu akaita "baba". Nikasimama. Akaniangalia akasema "mama", akarudi kwenye karatasi, akaniangalia tena, akasema "wewe". Watu wote wakageuka, mtoto mmoja akasimama juu ya kiti ili aone vizuri. Karatasi ilikuwa na namba juu kwa maandishi makubwa mekundu, arobaini na sita, na aliyenitangulia aliitwa arobaini na tano. Hakuhitaji semina wala neno jipya, alihitaji kuendelea kuhesabu.

Na pale ambapo namba hakuna, "nikuite nani?" inatosha. Ni Kiswahili cha kila siku, hakimshtui mtu, na unamuuliza ukiwa karibu naye siyo kwa kipaza sauti.

La mwisho. Ukiona kwenye hizo fomu kuna kisanduku cha anavutiwa na nani na jina la mtu liko juu ya ukurasa huohuo, waulize wateja wako hiyo karatasi inakaa wapi na nani ana ufunguo. Kuna nchi mtu anafungwa. Kwa huyo mfanyakazi hicho kisanduku ni ushahidi, hata kama kimeandikwa kwa maneno mazuri kiasi gani.

bi_nukta:

nipo_tu asante kwa kutonyamaza. Hilo la fomu sikulifikiria, na nimepitia fomu nyingi.

Nirudi kwa mfasiri kwenye sex na gender kabla sijalala. Kwenye semina za jinsia wanafundisha hivi, jinsi ni maumbile, jinsia ni nafasi na majukumu ambayo jamii inampa mtu. Kwenye ukumbi wa semina inaeleweka vizuri. Iweke kwenye fomu, "Jinsi: ......", utaona mtu anasoma jinsi anageuka kukuuliza jinsi gani? Jinsi ya kufanya nini? Ukilitumia lazima uandike "jinsi ya maumbile" mara ya kwanza na uwe na kifungu cha kueleza. Na gender identity andika "utambulisho wa kijinsia", hilo limeshakaa. Kwenye fomu yenyewe weka jinsia basi, na nafasi ya mtu kujaza kwa maneno yake.

mfasiri_wa_usiku:

Wakuu nimerudi, sikulala lakini nina furaha. Sura ya he na she nimeipeleka mwisho kama kiambatisho cha Kiingereza. Sura mpya ya tatu inaitwa "Kumwita mtu", nimeiandika mwenyewe, mteja nimempigia asubuhi nikamweleza, akauliza kwa nini kuna kitu ambacho kwenye nakala yao hakipo, nikamwambia kwa sababu hamna shangazi. Akacheka, sijui alielewa, ila amekubali. La ngeli nimelipa nusu ukurasa na mifano miwili. nipo_tu, kisanduku kilikuwepo kweli, ukurasa wa kumi na saba, jina juu kabisa. Wamesema watakitoa, nimewaomba wanithibitishie kwa maandishi.

Kwenye mvuto na mwelekeo nimekwenda na "mvuto wa kimapenzi", NgeliYaKwanza utanisamehe.

NgeliYaKwanza:

Sikusamehi ila nakuelewa.

mfasiri_wa_usiku:

Limebaki neno moja tu, ally. Yaani mtu ambaye yeye siyo LGBTQ ila yuko upande wao. Niliandika mshirika, mteja akauliza mshirika wa biashara? Nikaandika mtetezi, akasema inasikika kama wakili. Mfadhili ndo kabisa.

kalamu_butu:

Anayesimama nao.

mfasiri_wa_usiku:

Ni kichwa cha habari, "Namna ya kuwa anayesimama nao" hapana jamani.

alfajiri_tu:

"Namna ya kusimama nao". Toa huyo mtu, bakiza kitendo.

nipo_tu:

Au mwenzetu. Sisi mtu wa hivyo tunamwita mwenzetu.

mfasiri_wa_usiku:

Nimelipenda sana, ila mwongozo umeandikwa na shirika, wakisema mwenzetu, mwenzetu wa nani? Wao wako upande gani wa hiyo -etu?

nipo_tu:

Hilo waulize wao. Safari hii ni wao wa wingi.